Ufa Nyuma ya Kabati

Nyumba yetu ya Katindo imejengwa kwa hasira ya mlima:
jiwe jeusi juu ya jiwe jeusi,
lile lililokuja likiwaka, likapoa,
tukalipasua kwa nyundo, tukalipanga.
Marehemu alitaka kuta nene.
"Risasi isipite," alisema, "wala baridi, wala umbeya."
Hakujua kuna kitu kingine kitakachotaka kupita.

Sebuleni mtandao umejaa, vijiti vyote vinne.
Ukivuka mlango wa korido, viwili.
Ukipita choo, kimoja,
nacho kinatokea na kupotea kama mdeni wako sokoni.
Chumbani kwa Koko Masika, hakuna.
Mduara unazunguka, unazunguka,
na uso wa Kasereka, mwanawe aliyeko Kisangani,
umeganda mdomo wazi, umekatwakatwa miraba
kama kitenge kilichoshonwa na mlevi.
"Amekufa?" Koko anauliza.
"Hapana, Koko. Ni ukuta."

Jumamosi niliipima nyumba, simu mkononi,
hatua kwa hatua, kama aliyedondosha sindano,
Kavugho akiandika daftarini:
mezani vinne, dirishani vitatu,
karibu na kabati la kioo, sifuri.
Tukaitoa ruta sakafuni, nyuma ya televisheni,
ilikokuwa imejificha kama kuku anayeatamia,
tukaipandisha rafuni, penye picha ya ubatizo.
Korido ikapata kijiti kimoja zaidi.
Koko hakupata kitu ila vumbi.

Akaja Bauma, fundi, na ngazi ya kuazima
na keekee iliyolia dakika tatu
kabla ncha yake haijakatika ndani ya jiwe.
Akaweka nyingine. Ikakatika.
Akaketi juu ya ndoo, akajifuta jasho:
"Huu si ukuta, mama. Huu ni mlima wenyewe."
Kisha umeme ukaondoka, kama desturi yake,
tukabaki kulitazama tundu lenye kina cha ukucha.

Ni Koko aliyesema, kutoka kitandani,
kama anayekumbuka alikoweka chumvi:
"Si kuna ule ufa?"

Ule ufa.
Mwaka ule mlima ulipomwagika tena
na ardhi ikatetemeka siku baada ya siku,
tulikimbilia Sake, magodoro kichwani.
Tuliporudi tuliukuta umepanda toka sakafuni hadi darini,
mwembamba, umepinda kama njia ya siafu.
Marehemu akanunua mfuko wa saruji auzibe.
Saruji ikagandia stoo. Yeye akatangulia.
Nikasukuma kabati mbele yake, kwa haya,
na kila jirani aliyeingia nilimsikia, hata akinyamaza,
akisema: usipoziba ufa...
Sehemu iliyobaki naijua.

Tukalisogeza kabati.
Bauma akachomeka waya wa buluu,
akausokota, akausukuma, akaubembeleza,
na upande wa pili Kavugho akapiga ukelele:
"Nimeushika kichwa!"
Hatukutoboa kitu. Mlima ulikwisha kutoboa.
Sasa kisanduku cha pili kimekaa kichwani pa Koko,
juu ya Biblia mbili na kopo la poda,
kinasubiri umeme kama sisi sote.

Ulirudi saa nne usiku.
Kasereka akatokea mzima, masikio yote mawili,
shati lake, mbu aliyepita, hata mbu.
Koko hakumsalimu.
Alimtazama muda mrefu, kidole kikigusa kioo,
kisha akasema: "Umekonda.
Nani anakupikia?"

Nikatoka, nikawafungia mlango.

Mfuko wa saruji ungali stoo,
umekuwa jiwe, kama kila kitu hapa.
Kavugho huukalia akisoma masomo yake.
Huko, ananiambia, sasa kuna vijiti vitatu.